Zulia Huviringishwa, Halikunjwi

Na Yasinta Kasonso
Safu ya kila Jumapili: Upepo wa Ziwani

Mama mkubwa alianguka sebuleni kwangu Jumamosi iliyopita. Alitoka Karema kuja kuiona nyumba baada ya kuezekwa na kupigwa sakafu, akavua ndala mlangoni, akasema hodi, na hatua yake ya tatu ikawa juu ya zulia jipya lililofika Ikola siku mbili kabla yake. Mtu wa umri wake hanyanyui mguu, anauburuta. Kidole gumba kikanasa kwenye tuta la mkunjo, akaangukia kiganja. Mkono umevimba, mfupa u salama, namshukuru Mungu. Ingekuwa nyonga, tungekuwa tunazungumza mengine.

Tangu siku hiyo nimeacha kuyaona makunyanzi ya zulia kama jambo la urembo.

Zulia langu ni la mita 2 kwa 3. Nilinunua Dar es Salaam kwa simu. Muuzaji alilikunja mara mbili, akalikunja tena, akalishindilia kwenye mfuko wa salfeti, akalipeleka stendi. Likalala kwenye buti ya basi chini ya mizigo ya watu kwa zaidi ya kilometa 1,000 hadi Mpanda, likakaa stoo, kisha likapakiwa gari la kuja ziwani. Nilipolifungua lilikuwa na mistari iliyosimama kama matuta ya viazi.

Tunasema kukunja jamvi, lakini nani amewahi kumwona mtu akilikunja jamvi mara nne kama shuka? Bibi zetu waliosuka mikeka ya ukindu walijua kwamba ukindu ukikunjwa unavunjika. Waliuviringisha mkeka, wakausimamisha pembeni, na kabla ya kuutandika siku ya jua kali waliunyunyizia maji ulegee. Ujuzi huo wote ulikuwa ndani ya nyumba zetu. Zulia la kiwandani likaja, na sisi tukalichukulia kama nguo.

Si nguo. Ligeuze uone mgongo wake. Mara nyingi pana nyuzi ngumu za juti, zile za magunia ya zamani, na juu yake pamepakwa gundi inayoshika manyoya yasing'oke. Gundi hiyo ikikaa imekunjwa kwa majuma chini ya uzito, inalizoea umbo hilo na kulishikilia. Manyoya yenyewe, kwa mazulia mengi ya bei ya kawaida yanayotoka Uturuki na China, ni plastiki ya polipropilini, plastiki ileile inayofumiwa mifuko ya salfeti tunayotilia mahindi. Kila aliyewahi kuweka salfeti karibu na jiko anajua inavyosinyaa.

Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu ushauri wa kwanza niliopewa na majirani watatu, kila mmoja kwa nafasi yake, ulikuwa: piga pasi. Naomba msipige. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi za sentigredi, na pasi iliyowekwa joto la nguo za pamba hufika karibu 200. Pasi ya mkaa ndiyo mbaya zaidi, maana haina kipimo kabisa. Ukishayeyusha manyoya, hakuna dawa. Utabaki na kovu linalong'aa katikati ya sebule.

Kama hujui zulia lako ni la nini, ng'oa uzi mmoja pembeni, uchome kwa kiberiti nje ya nyumba. Ukinuka nywele zilizoungua, ni sufu. Ukiyeyuka na kudondoka tone lenye harufu ya mshumaa, ni plastiki.

Nilichofanya mimi ni hiki. Asubuhi nilitandika turubai uani, mbali na vichanja vya dagaa, maana manyoya hunasa harufu na haitoki upesi. Nikalilaza zulia kifudifudi, mgongo juu, jua likaupiga kwa saa mbili. Joto hilo linailegeza gundi. Msiliache kutwa nzima siku baada ya siku. Mmeona salfeti iliyosahaulika shambani inavyogeuka unga, na plastiki hii inaliwa na jua vilevile. Likiwa bado na joto nikaliviringisha kinyume, manyoya yakiwa nje, nikalifunga kwa vitambaa vipana, likalala hivyo usiku mzima. Kuviringisha, nasema, si kulikunja upande wa pili kwa nguvu: gundi iliyokauka hupasuka, na ufa wa mgongoni haurudi.

Matuta mawili yaligoma. Kwa hayo nilitumia sufuria. Nilichemsha maji, nikatandaza kitambaa cha pamba kibichi kidogo juu ya mkunjo, nikaweka juu yake sufuria pana yenye maji hayo, nikaisogeza polepole. Maji yanayochemka hayavuki nyuzi 100, kwa hiyo hata ukisahau sufuria pale, haiwezi kuyeyusha kitu. Hii naipenda kuliko njia zote kwa sababu kila nyumba ya hapa ina sufuria. Baadaye nikalaza ubao na juu yake ndoo mbili za lita 20 zilizojaa maji. Hizo ni kilo 40. Siku ya tatu sakafu na zulia vilikuwa kitu kimoja.

Lakini kazi hiyo yote isingekuwepo kama muuzaji angeliviringisha. Najua jibu lao: mzigo mrefu haupokelewi stendi. Nimepima. Zulia la mita 2 kwa 3 likiviringishwa kufuata urefu wake linakuwa gogo la mita 2, na basi kubwa lina upana wa takriban mita mbili na nusu. Linalala kwenye buti likiwa limekingama. Weka ndani yake bomba la plastiki au mwanzi ili lisibonyee, funga nailoni nje, mvua isiliguse. Wavuvi wetu hawakubali kamba mpya iliyotupwa ovyo kwenye mfuko, wanajua itawafunga vifundo majini. Mnunuzi wa zulia naye aseme hivyo kabla hajatuma pesa, na kama muuzaji hataki, pesa ibaki kwenye simu.

Mama mkubwa amerudi Karema na mkono wake umefungwa kitambaa. Nimeagiza zulia jingine, lake, dogo la pembeni ya kitanda. Safari hii muuzaji amenitumia picha likiwa limezungushiwa bomba, na wakati naandika liko njiani kuja Mpanda.