Askari na Karamu ya Mchango

Ndugu askari wenzetu wa jeshi na wa polisi, umeenea hapa Kigali mtindo ambao hatuna budi kuuzungumza waziwazi. Mashirika ya hisani ya Kikristo, yanayolea yatima na kuwatunza walemavu na wajane, huandaa karamu katika kumbi za hoteli na kuwaalika wafanyabiashara, wakuu wa ofisi na maafisa wa vyombo vya ulinzi. Meza huuzwa, keki hunadiwa, ahadi hutangazwa kwa kipaza sauti. Sisi nasi tulialikwa hivi karibuni, tukaenda.

Wako wenzetu waliotuuliza tulifuata nini huko, hali Katiba yetu inatamka kwamba Jamhuri haifungamani na dini yoyote. Swali hilo ni la haki. Lakini kutofungamana na dini si kuwakimbia wenye dini wanapofanya kazi ambayo taifa zima linanufaika nayo. Kituo cha Gatagara, karibu na Nyanza, kilianzishwa mwaka 1960 na padri Mbelgiji, Joseph Fraipont, aliyejulikana kwa jina la Ndagijimana hata alipofariki mwaka 1982. Watoto waliopooza kwa polio, waliokuwa wakitambaa uani, walipata huko magongo, viatu vya vyuma na shule. Kazi ya namna hiyo haiendi kwa sala tupu. Ngozi hununuliwa, chuma hununuliwa, na fundi hulipwa mwisho wa mwezi.

Askari, kuliko mtu mwingine yeyote, anajua thamani ya mguu. Wako kati yetu waliorudi kutoka vitani wakiwa na mmoja tu. Na yeyote anayedhani kwamba mlemavu ni mtu wa kuhurumiwa na kusahauliwa, na akumbuke timu zetu za voliboli ya kukaa: ya wanaume ilicheza katika Michezo ya Walemavu ya London mwaka 2012, na ya wanawake ikafika Rio de Janeiro mwaka 2016.

Liko na jambo zito zaidi. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watu walikimbilia makanisa ya Nyamata, Ntarama na Nyange wakitumaini kwamba nyumba ya ibada itawakinga. Waliuawa humo humo, na miongoni mwa wauaji walikuwamo wenye sare na silaha za serikali ya wakati ule. Kwa hiyo mjane aliyenusurika akimwona leo mwenye sare ameketi karibu naye, akimpitishia sahani ya mishikaki ya mbuzi na isombe, na akiuliza watoto wake wanasoma wapi, jambo hilo si dogo. Tulikwenda kwa sababu hiyo hasa. Wala wenzetu Waislamu wa Nyamirambo wasijione wageni katika shughuli kama hizo. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegali, Mwislamu, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa asiye na silaha, aliwavusha watu vizuizini katika mji huu huu hata alipouawa tarehe 31 Mei 1994, bila kumuuliza mtu dini yake.

Hayo ni mema. Sasa tuseme yaliyotukera.

Kipaza sauti kilipoanza kuzunguka, vyeo viligeuka mashindano. Afisa mmoja akitaja kiasi, wa meza ya pili naye hakubali kushindwa, na makofi yanapigwa. Tunasema bila kuficha: sehemu ya ahadi za namna hii hazilipwi kamwe. Mweka hazina wa shirika anabaki na orodha ndefu ya majina makubwa, naye anaona haya kumpigia simu mtu mwenye nyota begani. Mwashi ameshaitwa, saruji imeshakopwa dukani kwa kutegemea neno la afisa. Huo ni udanganyifu, hata kama ulifanywa kwa tabasamu na tai shingoni.

Ubaya wa pili ni bahasha inayoshuka. Mkubwa anaahidi ukumbini, kisha kesho yake karatasi inapitishwa kikosini, kila koplo aandike jina na kiasi. Mchango wa namna hiyo ni amri iliyovikwa kanzu. Askari wa chini ana mkopo wake Zigama, ana karo ya watoto, na hakuila karamu ile.

Majirani zetu wa Kenya wameonja uchungu wa jambo hili. Harambee, iliyoanza kama juhudi ya wananchi kujijengea shule, iligeuka jukwaa la wakubwa kujionyesha. Sheria ya maadili ya mwaka 2003 ilimkataza mtumishi wa umma kutumia cheo chake kukusanya michango, lakini haikutosha. Mwezi Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alipiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki katika harambee.

Sisi hatuombi marufuku. Tunaomba nidhamu. Anayealikwa na aende, akipenda; atoe cha mfukoni mwake, siku ile ile, ndani ya bahasha iliyofungwa, au aagize Zigama ikate kwenye akaunti yake mwenyewe. Asiye na fedha ana mikono: tunajenga nyumba za wasiojiweza, madaktari wetu wanatibu vijijini, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi sote tunashika jembe katika umuganda. Mashirika nayo yatusomee hesabu ukumbini kabla ya keki kuletwa: karamu ya mwaka jana iligharimu nini, na kiasi gani kiliwafikia watoto. Shirika lisiloweza kujibu hilo, meza yake na ikae tupu.

Na makamanda wenye karatasi za mchango mezani mwao wazichane leo, kabla ya siku ya mshahara.