UPEPO WA KULIPIA



Siku hizi wenzetu wengine wana motokaa ndogo, na wengine ni madereva wa matatu. Wakienda kutia upepo katika tairi huambiwa walipe fedha watiliwe nitrojeni, eti upepo wa kawaida hauna faida. Sisi twasema: fedha hiyo wekeni mfukoni.

Kwanza yafaa tujue kwamba upepo huu tunaovuta, katika kila sehemu 100, sehemu 78 ni nitrojeni tayari.

Hatusemi nitrojeni ni uongo. Katika ndege ina kazi kubwa. Mwaka 1986, huko Mexico, ndege aina ya Boeing 727 ilianguka na watu 167 wakafa. Breki ilikuwa imepata moto mno, na tairi iliyotiwa upepo wa kawaida ikapasuka angani. Oksijeni ndiyo hulisha moto, nayo nitrojeni hailishi. Lakini tairi ya motokaa yetu haifikii joto kama hilo.

Mwaka 2007 jarida la Marekani, Consumer Reports, lilieleza jinsi lilivyojaribu aina 31 za tairi kwa mwaka mzima. Zote zilianza na ratili 30 kwa inchi mraba. Zenye upepo wa kawaida zilipungua ratili 3.5, zenye nitrojeni 2.2. Tofauti ni ratili moja na kidogo tu, na pampu huirudisha kwa dakika moja. Tena tazameni: hata nitrojeni ilipungua! Mwenye kuilipia kisha asipime tairi amejidanganya.

Wengine hutaja maji yaliyomo katika upepo wa pampu. Ni kweli, sisi wa reli twajua, maana matangi ya upepo wa breki lazima yatolewe maji. Basi mwenye pampu na atoe maji katika tangi lake.

Pimeni tairi kila mwezi, zikiwa baridi, na ile ya akiba pia. Kipimo kimeandikwa mlangoni kwa dereva. Tairi legevu hula petroli, huisha kando, hupata moto, na yaweza kupasuka watu wakiwa ndani.

Kwa hiyo, ndugu, tusiishie kwenye motokaa zetu. Lori la tajiri linalobeba wafanya kazi je? Kila kamati ya tawi na iulize: geji iko wapi, nani alipima, na siku gani?