Kinasajeni au Kichunguzi? Istilahi za Maabara ya Saratani

Wapo wanaodai kwamba istilahi za maabara ya saratani ni anasa ambayo Kiswahili kinaweza kuisubiri. Dai hilo linasahau historia. Mnamo 1958 daktari Denis Burkitt, wa Hospitali ya Mulago jijini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa mataya uliowapata watoto. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege hadi Uingereza, na mnamo 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi walivyoviona katika seli zilizokuzwa kutokana navyo. Ugonjwa huo ungali unawapata watoto wa ukanda wa Ziwa Viktoria na wa pwani ya Kenya. Nyama ilitoka huku; majina yakabaki huko.

Na kitazamwe kipimo chenyewe. Katika saratani hii, aghalabu jeni iitwayo MYC, ambayo makao yake ni kromosomu ya 8, hung'oka na kuhamia kromosomu ya 14. Ili kulitambua tukio hilo, fundi wa maabara hutumia vipande viwili vya DNA vilivyotiwa rangi ing'aayo, kimoja nyekundu na kingine kijani. Kila kimoja hujibandika upande wake wa jeni, pale tu kinapooana napo. Jeni ikiwa mahali pake, rangi hizo huonekana zimegandana. Ikiwa imevunjika, nyekundu huwa huku na kijani kule.

Vipande hivyo viitweje? Wanaoviita ‘vichunguzi’ wametafsiri neno bila kutazama kazi. Havichunguzi kitu, achunguzaye ni mtu aliyeinamia hadubini. Vyenyewe hunasa. ‘Kinasajeni’, kwa kigezo cha kinasa sauti, lingefaa zaidi. ‘Alama’ nayo ina kasoro yake: mzazi akiambiwa kuwa seli za mwanawe zina alama ya CD20, atatafuta doa kwenye ngozi. ‘Kitambulishi’ humweleza kwamba protini hiyo huonyesha seli ni ya ukoo gani.

Mabishano haya si ya kamusi tu. Saratani ya Burkitt hukua kwa kasi ya kutisha, ilhali watoto wengi waweza kupona wakiwahi tiba ifaayo. Zipo saratani nyingine zinazofanana nayo chini ya hadubini lakini zenye tiba tofauti. Mzazi anayeombwa idhini ili mwanawe akatwe nyama kwa mara ya pili anastahiki kuelezwa sababu, na kwa lugha ambayo Katiba ya 2010 imeitambua kuwa ya taifa na pia rasmi.

Mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada ya tasnifu (na riwaya zile zile zimekwisha kuhakikiwa mno!) angeanza kwa kukaa na fundi wa maabara, amuulize kila kitu hufanya nini kabla ya kukipa jina. Kisha ayapeleke majina hayo wodini, asikilize ni yapi wazazi wanayashika na ni yapi yanawakwaza.