Mashini ya mama fundi nayo ni maendeleo



Masomo yanakaribia kufunguliwa. Mwaka jana, siku ya kwanza, tulisimama karibu na mlango wa shule moja ya teritware yetu. Hatutaitaja, maana si yenyewe tu inayofanya vile. Tuliona mtoto wa kike wa darasa la pili anarudishwa nyumbani. Hakudaiwa ada. Alikosa shati jeupe. Mama yake alimshika mkono, akatuangalia, akasema: «Masomo iko ya bure, lakini shati haiko ya bure.»

Neno lile lilitufuata mpaka nyumbani. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 serikali ilianza kutekeleza neno hilo, na sisi tulilifurahia. Lakini mzazi anabaki na shati jeupe, suruali au sketi ya bluu, viatu na madaftari. Mwenye watoto watano anahesabu mara tano. Mwenye shamba dogo la mihogo anahesabu, kiisha anaacha mmoja nyumbani. Mara nyingi anayeachwa ni msichana.

Ndiyo sababu leo tunasema juu ya nguo za balo na juu ya mafundi wanaozikata na kuzishona upya. Kuna watakaotucheka. Vijana wanaodai barabara, maji na haki ya ardhi, wanatafuta nini katika rundo la nguo? Tunatafuta shati la yule mtoto. Na tulipolitafuta, tuliona mambo mengine mengi.

Nguo hizi zilivaliwa kwanza Ulaya, Marekani, siku hizi hata China. Wenyewe wakizichoka wanazitoa, makampuni yanazichambua na kuzibana katika mafurushi, nyingi za kilo 45. Nyingi za kwetu zinashuka bandarini Dar es Salaam, zinapita Zambia, zinaingia Kasumbalesa, kiisha Lubumbashi, kiisha Kolwezi. Mwisho zinatufikia sisi juu ya lori au nyuma ya pikipiki. Wengine wanaziita mitumba, wengine chagua. Jirani zetu wa Zambia wanaziita salaula, neno la Kibemba, maana yake kuchagua kwa kupekua rundo.

Mama muuzishaji anayenunua balo ananunua gizani. Hawezi kulifungua kabla ya kulipa. Akikata kamba na kukuta nguo zimepasuka, au makoti mazito mwezi wa kumi wakati wa joto, hasara ni yake peke yake. Akikuta makoti hayo mwezi wa sita, wakati baridi ya usiku inatuuma huku juu, siku hiyo anamshukuru Mungu. Lakini hata katika balo nzuri kuna nguo zisizovalika: suruali ya mtu mnene sana, shati lenye kola iliyoliwa, gauni lenye doa mbele. Hizo zinabaki chini kabisa ya rundo, zinauzishwa kwa bei ya kutupa.

Hapo ndipo fundi anaingia.

Tulikaa siku tatu na mama mmoja fundi anayetumika na mashini ya miguu chini ya mwembe. Alitutuma sokoni na maagizo mafupi: «Leteni mashati meupe ya wanaume, makubwa. Kola mbovu si neno. Muangalie mgongo.» Tulipeleka. Aliyatazama moja moja mbele ya jua, ili aone kitambaa kilipochoka. Kiisha alichukua wembe akaanza kufumua mishono, polepole, bila kukata uzi wa kitambaa.

Siri yake ni hii. Shati la mtu mkubwa linachakaa kwenye kola, kwenye mikono na chini ya kwapa. Mgongo na sehemu ya mbele ya chini vinabaki vizima. Shati la mtoto wa miaka saba linatoka humo. Anakata sehemu ya mbele ya mtoto juu ya sehemu ya mbele ya shati lenyewe, ili vifungo na matundu yake vibaki pale pale. Kazi ya kutoboa na kushona matundu imekwisha kufanyika na mwingine, mbali sana na hapa. Kola iliyochakaa anaifumua, anaigeuza, upande uliojificha unatoka nje, na inakuwa kama mpya. Suruali ya bluu ya mtu mkubwa inatoa kaptula ya mvulana au sketi ya msichana, ukikwepa magoti na makalio yaliyoisha. Zipu inarudi kazini.

Na hatupi kitu. Jinzi zilizoisha zinakuwa mifuko ya madaftari na viraka vya magoti kwa wachimbaji. Bitana ya koti inakuwa gauni la mtoto mdogo. Fulana za pamba zinakuwa nepi, na pia vitambaa vya kufua vya wasichana kwa siku za hedhi, jambo ambalo watu wanaliona haya kulisema na ambalo linawatoa wasichana wengi darasani kila mwezi. Vipande vya mwisho vinajaza mito.

Tuseme na ukweli juu yetu wenyewe. Sisi vijana tulikuwa waongo. Mtu akikuuliza: «Shati hii ulinunua wapi?» unajibu: «Lubumbashi, magazini.» Kumbe ulipekua rundo tangu saa kumi na mbili asubuhi, kabla wengine hawajafika. Tunaona haya ya nguo tuliyoilipia kwa jasho letu, lakini hatuoni haya kukopa franga ili tuvae nguo mpya ya plastiki inayopasuka baada ya kufuliwa mara mbili. Miaka ya 1970 wakubwa waliwaambia wazee wetu kwamba heshima ya taifa iko katika abakosti, bila tai na bila koti la mzungu. Nguo iliamriwa kutoka juu. Sisi tunaona heshima iko mahali pengine: fundi alipwe kazi yake, na mtoto aingie darasani.

Sasa kuna neno zito ambalo wenzetu wengine wanatuambia, na hatutalikimbia. Wanasema nguo za balo zimeua viwanda vya Afrika, na anayezisifu anasifu kifo chetu. Hawasemi uongo wote. Mwaka 2008 mchumi Garth Frazer alitoa hesabu kwamba nguo kuukuu zilizoagizwa zinaeleza karibu asilimia 40 ya kushuka kwa ushonaji wa viwandani Afrika kati ya 1981 na 2000. Hata sisi Kongo tulikuwa na vitambaa vyetu. Kalemie, kandokando ya Tanganyika, kulikuwa na Filtisaf, kiwanda cha kusokota na kufuma pamba. Kinshasa kulikuwa na Utexafrica. Leo uwanja wa Utexafrica una nyumba na ofisi.

Lakini asilimia 40 si 100. Viwanda vyetu vilipigwa pia na kunyang'anya biashara kwa jina la zairianisation mwaka 1973, na uporaji wa 1991 na 1993, na vita, na barabara mbovu zilizofanya pamba ibaki kijijini, na nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia. Kumlaumu mama wa soko peke yake ni kumtwika mzigo wa wakubwa.

Na kufunga mlango kwa amri moja? Wenzetu walijaribu. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kumaliza nguo kuukuu kufikia 2019. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola mpaka dola 2.50 kwa kilo. Marekani ilikasirika, na mwaka 2018 ikaisimamishia Rwanda nafasi ya kuuza nguo zake kule bila ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zimekwisha kurudi nyuma. Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022, kwa hiyo mjadala huu ni wetu pia. Neno letu ni hili: siku kutakapokuwa na kiwanda kinachovalisha watoto wetu kwa bei ya mzazi wa Mutshatsha, tutakuwa wa kwanza kununua. Kukataza balo leo, kabla ya kiwanda, ni kumvua nguo maskini. Na mafundi watakaoendesha viwanda vya kesho ni hawa wanaofumua mashati chini ya mwembe leo. Tukiwaacha wafe njaa, nani atafundisha?

Wanachohitaji ni haki yao, na haki hiyo ina sheria. Teritware yetu si maskini. Mgodi wa Kamoa-Kakula, ulioanza kutoa shaba mwaka 2021, uko katika ardhi ya Mutshatsha. Sheria ya migodi ya tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2018 inataka kila kampuni yenye mgodi itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoguswa na mgodi, na inazipa sekta na usultani wa mahali asilimia 15 ya mrabaha. Sheria ya tarehe 8 mwezi wa 2 mwaka 2017 inaweka kazi ndogondogo za makampuni makubwa mikononi mwa Wakongomani. Maelfu ya wafanyakazi wanavaa kombinezo kila asubuhi. Zinashonwa wapi? Na na nani? Bwawa la Nzilo linatoa umeme wa Lualaba tangu miaka ya 1950, lakini vijijini fundi bado anasukuma mashini kwa miguu na kupiga pasi kwa makala.

Kwa hiyo tunadai:

1. Mwezi wa tisa huu, mtoto asirudishwe nyumbani juu ya shati. Na shati jeupe lililoshonwa kutoka nguo ya balo lihesabiwe shati jeupe. Shule isimlazimishe mzazi kununua sare mahali pamoja tu.

2. Katika miradi ya asilimia 0.3, pamoja na visima na madarasa, ziwekwe karakana za kushona: mashini, meza ya kukatia, umeme wa jua, na mwalimu anayelipwa. Orodha ya miradi ibandikwe mahali ambapo kila raia anaweza kuisoma.

3. Makampuni ya migodi yawape mafundi wa Lualaba sehemu ya oda za nguo za kazi. Na kombinezo zilizolowa asidi au vumbi la kiwanda zisifike sokoni kamwe. Zile ziharibiwe na kampuni yenyewe.

4. Sokoni, kodi ibandikwe ukutani na risiti itolewe. Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema hakuna kodi bila sheria. Mama aliyelipa asubuhi asilipishwe tena saa sita na mwingine mwenye kofia tofauti.

Na sisi wenyewe tunajidai:

5. Mafundi wasibaki kila mtu peke yake. Sheria ya OHADA inaruhusu watu watano tu kuanzisha kooperative. Watano wenye mashini tano wanaweza kununua balo pamoja, kugawana hasara, na kuomba oda ambayo mtu mmoja hawezi kupewa. Tutawasaidia kuandika makaratasi, bila malipo.

6. Tumeanza kukusanya mashati meupe. Mwenye shati la zamani kabatini alilete. Mwenye uzi, sindano au vifungo alete. Mwenye mikono tu, aje afumue, wembe tutampa. Na fundi tutamlipa. Tusimuombe afanye bure kazi ambayo sisi hatuwezi kuifanya.

Tunajua mashati machache hayatamaliza umaskini wa Mutshatsha. Ndiyo maana madai manne ya kwanza yako juu na hatutayaacha. Tutayapeleka kwa maandishi kwa administreta wa teritware, kwa machifu na kwa makampuni, kwa amani, na tutarudi kuuliza jibu.

Mama fundi, tulipomuaga, alikuwa amemaliza shati la tatu. Alilikunja, akapitisha kidole kwenye kola iliyogeuzwa, akatuuliza: «Yule mtoto wenu, iko na urefu gani?»

Hatukujua. Tulirudi kumpima.

Kwa ajili ya watoto wote wa Lualaba, tarehe ya kufungua masomo isitukute tumelala.

Imeandikwa Mutshatsha, mwezi wa 8, 2024.