Ziara ya Masomo Ianzie Ngitili

Kuwapeleka wanafunzi wa Shinyanga au Geita katika Kisiwa cha Saanane, Mwanza, ni jambo jema. Kisiwa hicho kilichomo katika Ziwa Victoria kilikuwa bustani ya wanyama tangu mwaka 1964, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Eneo lake, pamoja na maji, ni kilomita za mraba 2.18 tu, hivyo mtoto wa darasa la tano aweza kuzifuata njia zake kwa miguu, akapanda mawe makubwa na kuwaona pimbi, swala na tumbili. Hatuipingi ziara hiyo. Tunaipinga desturi ya kuifanya kuwa haki ya wenye nauli.

Tuitazame gharama: basi, mashua, kiingilio na chakula. Mtoto wa mchimbaji mdogo ambaye mwezi huo hakupata kitu, au wa mkulima ambaye pamba yake haijauzwa, hubaki nyumbani. Juma lifuatalo mwalimu huliagiza darasa zima liandike insha juu ya ziara. Je, huyu aliyebaki aandike nini? Amekwisha kufundishwa, bila mwalimu kukusudia, kwamba hifadhi za taifa ni mali ya wenzake. Somo linaloacha sehemu ya darasa nje halijafundishwa, hata kama picha zake ni nzuri.

Maoni yetu ni kwamba ziara ya kwanza ifanyike mahali ambapo kila mtoto atafika kwa miguu yake. Hapa kwetu mahali hapo ni ngitili. Tangu zamani Wasukuma walifunga sehemu ya malisho wakati wa masika ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kumalizika mwaka 2004, uliijenga juu ya desturi hiyo kazi ya kurudisha miti katika ardhi iliyokuwa imechakaa. Hiyo nayo ni hifadhi, na walinzi wake ni wazazi wa wanafunzi.

Mwalimu na apime mraba wa mita 10 ndani ya ngitili, na mwingine nje yake. Wanafunzi wahesabu miti, machipukizi na nyayo katika kila mraba. Kisha waichunguze njia ya kuingilia: ni ng'ombe, baiskeli, au wachukuzi wa kuni wanaoipita? Maji ya mvua yameichimba wapi, na kwa nini hapo? Pasipo na ngitili, kichaka cha kijiji chatosha. Ila kule Geita, mwalimu atangulie kuikagua njia, kwa maana mashimo ya dhahabu yaliyoachwa wazi ni hatari kwa watoto.

Baada ya hapo ndipo Saanane iwe na maana, na hata Rubondo iliyomo mkoani Geita, hifadhi ya taifa tangu 1977. Huko Rubondo, kati ya 1966 na 1969, waliachiwa sokwe waliokuwa wamefugwa Ulaya. Nao wakajitafutia chakula msituni na kuzaana. Walijifunzaje? Swali hilo lamfaa sana mwalimu.

Fedha zikitosha wachache tu, darasa lipige kura ya bahati na kutuma wajumbe. Wanaobaki ndio watunge maswali. Wajumbe watayajibu mbele ya wote watakaporudi. Nauli yao itoke katika bustani ya shule au mfuko wa darasa, wala isitoke mfukoni mwa mzazi mmoja mmoja.

Kwa hiyo, mwanachuo, unapoandaa ziara katika mazoezi ya kufundisha, andika kwanza katika andalio lako la somo swali ambalo kila mwanafunzi atalijibu. Pili, andika majina ya wasioweza kulipa. Kama hujui la kuwafanyia hao, usiikodi gari bado.