Spika za masikioni: mteja aachwe ajaribu kwanza

Ukishuka Himo Njia Panda siku hizi utaziona kwenye kila meza ya vifaa vya simu: vikasha vidogo vyeupe na vyeusi, vimepangwa kando ya chaji na kava. Spika za masikioni zisizo na waya zimeshuka bei hadi kijana wa bodaboda, mama wa mitumba na mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, anayesubiri safari Marangu wanazimudu. Hilo ni jema. Lisilo jema ni jinsi zinavyouzwa. Kikasha kimefungwa kwa nailoni, mteja anaonyeshwa picha ya kwenye boksi, anatoa hela, na risiti, kama akipewa, inasema mali ikishauzwa hairudishwi.

Msimamo wetu ni mmoja: spika hizi zijaribiwe dukani kabla hela haijatoka mfukoni, na muuzaji anayekataa aachiwe mzigo wake.

Simu bandia zilipatiwa dawa. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizizima nchi nzima kwa kufuata namba ya IMEI, na mpaka leo mnunuzi anaweza kubonyeza *#06# akaiona namba hiyo na kuihakiki. Spika ya masikioni haina IMEI. Yeyote anaweza kuchapa jina kubwa juu ya boksi na hakuna mtambo utakaomkamata. AirPods za kwanza za Apple, mwaka 2016, ziliuzwa dola 159 kule Marekani, kwa hiyo zenye jina hilo zinazouzwa shilingi 20,000 hapa ni nakala, hata ziwe zinang'aa namna gani. Kati ya nakala ya jina kubwa na spika ya bei ya chini inayouzwa kwa jina lake halisi, mfano Oraimo au Redmi, tunashauri ya pili bila kusita, ila nayo ijaribiwe, maana chapa hizo pia zina jina la kuibwa.

Maneno ya kwenye boksi yasikubabaishe. Betri ya spika moja huwa na mAh 30 hadi 50 hivi, na ya kikasha mia chache. Kikasha kidogo kinachodai maelfu kinasema uongo. ANC hupunguza kelele zinazokufikia wewe uliyevaa. ENC husafisha sauti yako ili unayeongea naye kwenye simu akusikie vizuri. Nyingi za bei ya chini zina ENC tu, na muuzaji anayekuahidi kwamba ENC itakuzimia ngurumo za malori hajui anachouza. IPX4 ni kinga ya matone ya maji na jasho. Ile X inamaanisha kinga ya vumbi haikupimwa. Kwa vumbi letu la kiangazi, tafuta yenye tarakimu 5 mahali pa X, kama IP54, ukiipata kwa bei yako.

Sasa jaribio lenyewe. Unganisha spika na simu yako, si ya muuzaji. Toka nje, simama karibu na barabara yanakopita malori ya Holili na mabasi ya Dar es Salaam, mpigie mtu wa nyumbani, kisha muulize yeye anasikia nini. Muziki ndani ya duka tulivu huipendezesha karibu kila spika, hasa iliyozidishiwa besi. Simu ya barabarani ndiyo inayoiumbua. Rudisha moja kwenye kikasha uone kama ya pili inaendelea peke yake, kisha badilisha upande; bodaboda anayeziba masikio yote mawili akiwa kazini anahatarisha roho yake na ya abiria wake. Fungua video ya mtu anayezungumza, utazame kama midomo na sauti vinakwenda pamoja. Upande mmoja ukichelewa kuwaka au ukikatika, usichukue.

Sikiliza pia ni sauti kubwa kiasi gani unalazimika kuweka. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO) na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) cha mwaka 2019 kinamwekea mtu mzima kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75. Spika isiyokaa vizuri sikioni hukulazimisha kupandisha sauti kila lori linapopita, kwa hiyo dai mipira ya saizi zote iliyotajwa kwenye boksi.

Wauzaji wana hoja moja ya haki: nta ya masikio. Hakuna anayetaka kulipia spika iliyokwisha kuvaliwa na wengine. Basi kila modeli iwe na seti moja ya kujaribia, na mezani pawe na spiriti, pamba na mipira ya kubadilisha. Gharama yake ni ndogo kuliko hasara ya kumpoteza mteja anayepanda daladala kwenda kununua Moshi mjini. Na akigundua siku ya tatu kwamba upande mmoja umekufa, abadilishiwe bila kuzungushwa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ipo kwa ajili hiyo. Ifike na kwenye meza za Njia Panda. Mwenye duka atakayetangulia kuweka seti ya kujaribia asiingoje Tume. Aandike mlangoni kwa herufi kubwa kwamba kwake mteja anajaribu kwanza.