Mbio za gari kwa kompyuta: rezo mbaya isiwafungie nje vijana wa Kasongo na Kabambare

Michezo ya vidio si jambo geni kusini mwa Maniema. Penye jenereta au paneli za jua, mara nyingi hapakosi mtu mwenye televisheni na PlayStation ya zamani anayelipisha kila mechi ya mpira. Wachezaji wawili wanakaa kwenye ubao mmoja, watazamaji wanapiga kelele nyuma yao, na intaneti haina kazi hapo. Shida inaanza pale mashindano yanapohamia kwenye intaneti. Siku hiyo Kasongo na Kabambare zinatoka kwenye orodha pasipo mtu yeyote kuzifuta. Zinafutwa na rezo.

Lakini kuna shindano moja la intaneti ambalo rezo mbaya haiwezi kuliua, kama waandaaji wake wakikubali kufikiri kidogo. Ni lile la muda wa mzunguko katika michezo ya kuigiza mbio za gari. Mchezaji anapewa gari moja na kiwanja kimoja, anazunguka peke yake, na saa inamhukumu. Anayejua Safari Rally ya Kenya, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, ataelewa upesi: kila gari linatoka kwa zamu yake, halimpiti jirani, halisukumani na mtu, na mwisho zinalinganishwa saa tu.

Tofauti na mbio za pamoja ni kubwa. Magari yanapokimbia bega kwa bega kwenye intaneti, kila kompyuta inapaswa kuziambia nyingine mahali gari lake lilipo, mara nyingi katika kila sekunde. Gari linalokwenda kilometa 200 kwa saa linakata karibu mita 28 katika nusu sekunde. Rezo ikichelewa nusu sekunde hiyo, mpinzani anaonekana mahali alipokwisha kuondoka, na ajali inatokea ambayo hakuna aliyeifanya. Katika muda wa mzunguko hakuna jambo kama hilo. Kijana anaweza kuendesha usiku kucha bila mega hata moja, kisha akatuma faili lake asubuhi anapopata rezo. Faili hilo, linaloitwa marudio, linahifadhi jinsi alivyogeuza usukani na kukanyaga mafuta na breki, na katika baadhi ya michezo haliwi kubwa kuliko picha moja ya simu.

Basi kinachobaki ni uamuzi wa waandaaji, wawe wa Kindu, Lubumbashi au kwingineko. Uamuzi wa kwanza ni mchezo upi. Gran Turismo 7, uliotoka mwaka 2022, ni mzuri kwa macho, lakini sehemu yake kubwa haifunguki bila intaneti. Machi ya mwaka huohuo mitambo yake ilizimika zaidi ya saa 30, na hata wenye rezo nzuri ya Ulaya walikaa wakitazama skrini. Tena Kongo haimo kwenye orodha ya nchi ambako Sony inafungua akaunti za PlayStation. Kijana wa hapa analazimika kudanganya kwamba anaishi nchi nyingine, na akaunti ya namna hiyo inaweza kufungwa siku yoyote. Kumjengea mtu shindano juu ya msingi huo si haki.

Michezo ya kompyuta inafaa zaidi. Assetto Corsa wa mwaka 2014 unaendeshwa bila intaneti ukishawekwa. Live for Speed, kazi iliyoanzishwa na watu watatu mwanzoni mwa miaka ya 2000, haudai kompyuta ya bei kali, na toleo lake la bure lina magari machache na kiwanja kimoja, Blackwood. Kwa shindano la kwanza, kiwanja kimoja kinatosha kabisa. Wote wajifunze kona zilezile.

Uamuzi wa pili ndio mzito zaidi, nao ni tarehe ya kufunga. Mwandaaji akifunga kwa dakika iliyotajwa, faili lililofika dakika moja baadaye linatupwa. Sheria hiyo inapima rezo, haipimi mikono ya dereva. Kijana wa Salamabila ambaye mnara wa simu umezimika kwake tangu Ijumaa anakuwa ameshindwa kabla ya kuwasha kompyuta. Njia ipo: kuendesha kufungwe siku moja, kupokea mafaili kufungwe wiki moja baadaye. Katika kila mahali pa kuchezea achaguliwe mtu mzima anayeaminiwa, mwalimu kwa mfano, ayakusanye mafaili siku ya mwisho kwenye kle ya USB na kuandika muda wa kila mmoja kwenye karatasi mbele ya wachezaji wote. Baada ya hapo kle inaweza kupanda pikipiki mpaka Kasongo au popote rezo inapopatikana. Barabara ikiharibika kwa mvua, karatasi inakuwa shahidi.

Na tangazo la gari na kiwanja lipitie pia kwenye redio, siku moja na saa moja kwa wote. La sivyo wa mjini watakuwa wamefanya mazoezi wiki nzima kabla habari haijafika Kabambare.

Kuna jambo jingine ambalo mwandaaji wa mjini halioni kwa urahisi. Mashindano mengi yanaonyesha orodha ya saa kila siku na kuruhusu kila mtu kupakua marudio ya anayeongoza. Mwenye mega anatazama pale bingwa anapofunga breki, anaiga, anakata nusu sekunde. Asiye na mega anatafuta kona ile peke yake gizani. Kama kweli kinachotakiwa ni kupima udereva, marudio yafichwe mpaka siku ya kufunga, ndipo yafunguliwe kwa wote wajifunze.

Kuhusu udanganyifu, hakuna haja ya kuwaonea vijana wa vijijini mashaka kuliko wengine. Kashfa kubwa ya fani hii ilitokea kwingine kabisa: mwaka 2021 wachambuzi wa TrackMania, mchezo mwingine wa mbio, walifungua marudio ya zamani na kukuta rekodi nyingi ziliwekwa kwa kuupunguza mchezo kasi kisirisiri, mmoja wa watuhumiwa akiwa miongoni mwa wachezaji mashuhuri. Walijulikana kwa mtikisiko wa usukani ambao mkono wa binadamu hauwezi kuufanya kwa kasi ya kawaida. Kwa hiyo anayetuma saa bila marudio asihesabiwe, awe wa Kinshasa au wa Kabambare. Wote watumie toleo lilelile la programu, maana mwendo wa gari ukirekebishwa saa za zamani hazilinganishwi tena. Na wenye usukani wa kununua watengwe na wanaotumia vitufe vya kompyuta, la sivyo atashinda mwenye pesa.

Wapo watakaouliza kama huu ni wakati wa kuzungumzia michezo. Kabambare ni teritori ambako mgodi wa dhahabu wa Namoya, uliokuwa wa kampuni ya Banro, ulisimamisha kazi Septemba 2019 baada ya kuzingirwa na wenye silaha. Vijana wengi wa huko wamebakiwa na shimo la kuchimba kwa mkono, au na wale wanaowaita msituni. Hakuna anayedai kwamba gari la kwenye skrini litaondoa bunduki. Ila kijana anayekaa saa tatu akitafuta kwa nini amepoteza sehemu ya kumi ya sekunde kwenye kona ya pili anajifunza kompyuta, subira na hesabu bila kuambiwa, na jina lake kusimama kwenye orodha moja na la kijana wa Lubumbashi si kitu kidogo mahali ambapo majina hutajwa zaidi katika habari za mapigano.

Duniani mlango huu umewahi kufungua njia. Mwaka 2008 Nissan na Sony zilianzisha GT Academy: watu walikimbia kwenye PlayStation nyumbani kwao, na wenye saa bora wakaitwa kujaribiwa kwenye magari ya kweli. Mshindi wa kwanza, Lucas Ordóñez wa Uhispania, alikuwa mwanafunzi. Mwaka 2011 alimaliza wa pili katika daraja lake kwenye saa 24 za Le Mans. Mwaka huohuo Mwingereza Jann Mardenborough aliwapita washindani wapatao 90,000, naye akawa dereva wa kulipwa. Mpango ule haukufika Maniema.

Mei 2025 serikali iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi nchini, baada ya kuikataza mwaka 2024. Antena moja kwenye nyumba ya vijana ya Kasongo ingerahisisha mengi, lakini shindano lisingoje antena. Kompyuta mbili, paneli za jua, mwalimu mmoja na kle ya USB vinatosha kuanzia.

Limebaki jambo la zawadi, na hapo pia sheria iandikwe mapema. Ikitumwa kwa M-Pesa au Airtel Money, mshindi wa kijijini anaweza kutumia sehemu yake kubwa kwa pikipiki ya kwenda kuitoa. Garama hiyo ibebwe na waandaaji, ihesabiwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, kabla hawajachapisha bango.